HADITHI NA NJIA



Jioni moja baada ya ibada alinijia kijana wa kanisa letu. Alikuwa ameitazama sinema moja ya vita vya nyota hata akaijua kwa moyo. Akaniambia, "Mchungaji, mimi sasa naifuata njia ile. Kila asubuhi nakaa kimya, nazuia hasira, nawasaidia wanyonge." Mimi nikacheka, nikamwambia ile ni hadithi tu. Akanijibu kwa upole, "Na kile kitabu unachotusomea, cha msafiri mwenye mzigo, si hadithi vilevile?" Sikuwa na jibu. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Mazungumzo ya leo ni jibu nililokuwa nimelikosa siku ile.

Sinema ile iitwayo Star Wars ilitoka Marekani mwaka 1977. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2001 huko Uingereza na Wales, watu zaidi ya 390,000 waliandika kwamba dini yao ni Jedi, jina la mashujaa wa sinema hiyo. Wengi walifanya mzaha. Lakini wako wasiofanya mzaha, waliounda vikundi vyenye mafundisho na saa za kutafakari. Mwaka 2016 tume inayosimamia mashirika ya hisani huko ilikataa kukitambua kimojawapo kuwa ni cha dini.

Kabla hatujacheka tena, tutazame nyumbani kwetu. Mwaka 1678 John Bunyan wa Bedford, fundi wa kuziba sufuria, aliyekaa gerezani miaka 12 hivi kwa kuhubiri bila ruhusa, alitoa kitabu cha ndoto. Mtu ana mzigo mgongoni. Anauacha mji wake na kuufuata mji wa mbinguni. Mtu huyo hakuzaliwa na mwanamke, wala mji alioutoka haumo katika ramani yo yote. Hata rafiki za Bunyan waligawanyika, wengine wakimshauri asikichapishe. Lakini kitabu hicho kimefasiriwa kwa lugha 80 hivi za Afrika, nasi twakijua kwa jina la Safari ya Msafiri.

Sasa simameni ufuoni Diani, mtazame kusini-mashariki. Mbali huko, ng'ambo ya maji haya, kiko kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wetu walikiita Bukini. Mwaka 1835 Malkia Ranavalona wa Kwanza aliwakataza raia zake Ukristo. Mwaka 1836 wamisionari wa mwisho wakaondoka. Mwaka 1837 mwanamke mmoja, Rasalama, akauawa kwa mkuki kwa ajili ya imani yake. Biblia zikafukiwa ardhini zisipate kuonekana. Na pamoja na Biblia, waumini wale walikuwa na hadithi ya Bunyan kwa lugha yao. Waliinakili kwa mikono, wakapitishiana kwa siri. Walipokimbilia misituni na mapangoni, walijiona kuwa wasafiri kama yule wa kitabuni. Malkia alipokufa mwaka 1861, Wakristo walikuwa wengi kuliko siku wamisionari walipoondoka.

Basi, ndugu zangu, hadithi iliyotungwa yaweza kumtia mtu nguvu njiani. Nabii Nathani alimwambia Daudi habari ya kondoo mmoja wa maskini, na mfalme akatubu. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano. Kwa nini basi nisimwambie kijana yule aendelee na njia yake?

Fikirini njia panda ya Ukunda. Atokaye Likoni huona kibao cha Diani, naye hugeuka kushoto. Kibao ni kizuri, tena ni cha kweli. Lakini hakuna mtu atandikaye mkeka chini ya kibao na kusema amefika baharini. Bunyan alijua kwamba kitabu chake ni kibao. Ndiyo sababu pembeni mwa kurasa zake aliandika mafungu ya Biblia, msomaji apate kwenda kuyasoma. Na Rasalama hakuutoa uhai wake kwa ajili ya mtu wa ndotoni. Alimfia Bwana aliyekufa kwa ajili yake na kufufuka.

Naam, kosa langu lilikuwa hapo. Kijana alikuwa amesimama chini ya kibao, nami nilikicheka kibao, badala ya kumuuliza: Nguvu hiyo unayoifuata, yakujua jina lako? Siku hasira ikikushinda, yaweza kukusamehe?

Juzi nilikwenda kwao, upande wa Msambweni. Nilimwomba radhi kwanza, ndipo nikamwuliza maswali hayo mawili. Alinyamaza kwa muda, akasema, "Hilo la pili sijalifikiri." Tukanywa chai. Bado hajarudi kanisani, lakini ameniomba nimwazime kitabu cha msafiri, nami nimempa pamoja na Biblia.

Ewe msikilizaji, mwanao akikusimulia sinema au kitabu kilichomgusa moyo, usicheke. Keti naye, mwulize inamwelekeza wapi. Nawe ujiulize uko njiani, au umelala chini ya kibao.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliye njia, utusamehe kicheko chetu, uwalete nyumbani walio njiani. Amina.