Njia ya Songo Songo

Tunapoadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, yafaa wanachama tukumbuke yaliyoipata pwani yetu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga katika Tanganyika, Nachingwea ikiwamo. Pori lilifyekwa kabla udongo na mvua havijapimwa vema, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Mazao nayo yalingoja kivuko cha Rufiji hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Basi, Chama kitangulize barabara na ghala. Na kabla ya hayo kimsikilize mkulima aijuaye ardhi yake.