Maria Prymachenko

Maria Prymachenko (1909–1997) alikuwa mchoraji wa Ukraina aliyejifunza kuchora mwenyewe. Alizaliwa Bolotnia, kijiji cha kaskazini-magharibi mwa Kyiv, akaishi huko karibu maisha yake yote. Polio ya utotoni ilimwachia ulemavu wa mguu. Alianza kwa kudarizi, na mkono wa mdarizi haujifichi katika michoro yake: mnyama wa buluu asiyepatikana katika pori lolote, macho kama ya binadamu, mwili umejaa vitone na maua, nyuma yake rangi moja tupu. Ni viumbe vya ndoto, lakini vimechorwa kwa uhakika wa mtu aliyeviona. Alipata Tuzo ya Shevchenko mwaka 1966. Februari 2022 makumbusho ya mji wa Ivankiv, yaliyohifadhi michoro yake, yaliteketea vitani. Wenyeji waliokoa michoro kadhaa ya Prymachenko.