Lugha ya Mama na Kalamu Yetu

Hebu tujiulize: nani alituambia Kiswahili kilianza kuandikwa alipokuja mzungu? Barua za Kiswahili za Kilwa za mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa Goa, India, mpaka leo. Na mwaka 1728, kule Pate, Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka.

Wala haikuwa kazi rahisi. Kiarabu hakina herufi ya p, ch wala v, na irabu zake fupi ni tatu tu, ilhali sisi tuna tano. Wazee wetu wakaongeza nukta na alama mpaka maneno yakasomeka. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui akaanzisha gazeti la Sahifa mjini Mombasa, kisha Al-Islah mwaka 1932, akiwanasihi Waislamu kwa lugha yao wenyewe.

Sasa wewe kijana, herufi zote unazo kwenye simu, lakini waandika "cjui" na "xaxa"! Qur'ani waisoma vizuri, alhamdulillahi, lakini barua ya nyanya iliyo sandukuni, kwa herufi zile zile, yakushinda.

Ramadhani hii, baada ya darsa, kaa na babu akusomeshe khati ile. Wakishaondoka wao, nani atatusomea?