Marekani: pansio ikichungwa vibaya, wafanyakazi wanashtaki kwa pamoja

Wakongomani wengi waliohamia Marekani wanafanya kazi katika viwanda na madepo. Mara nyingi sehemu ya mshahara wao inakatwa na kuwekwa akiba ya uzee, katika mpango unaoitwa 401(k). Hauko sawa na CNSS ya kwetu, ambako pansio inahesabiwa kufuata sheria. Ndani ya 401(k) kila mfanyakazi ana konti yake, makuta yanaingizwa kwenye soko la hisa, na hakuna anayemhakikishia kiasi atakachopata. Upande wa mwajiri njo wanachagua mifuko ambamo makuta yanaweza kuwekwa, na kampuni ya kuyachunga.

Hapo njo shida inaanzia. Kampuni hizo zinajilipa kutoka akiba ya mfanyakazi. Wizara ya Kazi ya Marekani inatoa mfano huu: mtu ana dola 25 000 zinazozaa asilimia 7 kwa mwaka, na haongezi kitu kwa miaka 35. Akikatwa asilimia 0,5 kila mwaka, mwishoni ana dola 227 000. Akikatwa 1,5, anabaki na dola 163 000 tu.

Sheria ya mwaka 1974, inayoitwa ERISA, inaamuru wenye kusimamia mpango wafanye kazi kwa faida ya wafanyakazi peke yao. Anayevunja sheria hiyo anapaswa kurudisha hasara. Mwaka 2015 Korti Kuu ya Marekani iliongeza kwamba haitoshi kuchagua mifuko vizuri siku ya kwanza. Ni lazima kuendelea kuichunguza.

Mtu mmoja hana nguvu ya kulipa avoka kwa kesi kama hiyo. Kwa hiyo wachache wanashtaki kwa jina la wote. Wafanyakazi wa Lockheed Martin, kampuni ya ndege na silaha, walishtaki mwaka 2006. Mwaka 2015 kesi ilimalizika kwa mapatano ya dola milioni 62.

Mapatano hayana nguvu kama juji hajayakubali. Maavoka wanaweza kuchukua hadi theluthi moja. Kinachobaki kinagawanywa kufuata akiba ya kila mmoja. Mara nyingi kampuni inalipa bila kukubali kosa. Mwenye konti bado anaingiziwa humo; aliyeacha kazi anaweza kuombwa kujaza fomu kabla ya tarehe fulani.

Habari hiyo inafika kwa barua ya Kiingereza au kwa imeli, na ni rahisi kuitupa sawa vile matangazo. Mwenye ndugu kule amwambie: barua inayotaja kazi yako ya zamani na 401(k), tafuta mtu akusomee. Na kama kuna anayeomba ulipe kwanza ndipo upewe haki yako, huyo ni mwizi.