Bembelezi ya Mto Tana na Marudio Yake

Katika historia ya muziki uliorekodiwa, wimbo mashuhuri huwa na mwaka wake, studio yake na sauti ya kwanza ambayo waimbaji wote wa baadaye hulinganishwa nayo. "Malaika" ulivuma Afrika Mashariki kwa sauti ya Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukaingia katika albamu ambayo Miriam Makeba aliitoa pamoja na Harry Belafonte mwaka 1965, ukaimbwa na kundi la Boney M. mwaka 1981 na Angélique Kidjo mwaka 1991, na ijapokuwa ubishi kuhusu mtunzi wake haujakwisha, mtafiti anaweza kuzipanga santuri hizo moja baada ya nyingine na kusikia jinsi kila mwimbaji alivyougeuza. Upo wimbo mwingine wa pwani ya Kenya unaorudiwa kila wiki na mamilioni ya watoto wa shule, nao hauna santuri ya kwanza: ni bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana, ambayo mwaka 1963 ilichukuliwa kuwa msingi wa lahani ya Wimbo wa Taifa la Kenya.

Bembelezi ni wimbo wa kumtuliza au kumlaza mtoto, na marudio, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kitendo cha mwimbaji au kundi kuuchukua wimbo uliokwisha kuimbwa na wengine na kuuimba upya kwa namna yake. Maana hiyo ya pili hudhani kwamba pana toleo asilia lililokamilika kabla ya marudio kuanza. Kwa bembelezi dhana hiyo haisimami, kwa sababu mama huanza pale kilio kinapoanza, huongeza beti au kuzipunguza kadiri mtoto anavyotulia, hutia jina la mtoto wake mahali penye nafasi, na hunyamaza usingizi unapofika, hata ikiwa ubeti haujakamilika. Kila uimbaji ni asilia, na kila uimbaji ni marudio ya ule uliosikika kwa bibi au kwa mama mkubwa.

Wapokomo ni wakulima wa kingo za Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, na makazi yao yameenea kutoka sehemu za juu za mto, kupita Hola, hadi nchi ya chini inayozunguka Garsen, Ngao na Golbanti, ambako mto hugawanyika kabla ya kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mpunga, mahindi, ndizi na maembe hutegemea maji yanayopanda na kushuka, mtumbwi ndio chombo cha kale cha usafiri, na majirani wakubwa ni Waorma na Wawardei, ambao ni wafugaji. Nyimbo za nchi hii hazikukaa peke yake. Wamisionari Wamethodisti walifika Golbanti katikati ya miaka ya 1880, na wenzao Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakajenga kituo Ngao kuanzia 1887, wakaleta tenzi za kanisani, yaani nyimbo za ibada zenye beti sawa na sauti nne zinazokwenda pamoja. Kufikia miaka ya uhuru, vizazi kadhaa vya Wapokomo wa chini vilikuwa vimekulia kati ya muziki wa aina mbili, ule wa nyumbani usio na kipimo kilichoandikwa na ule wa kanisani wenye kipimo, na jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila anayeshangaa kwamba wimbo wa kumlaza mtoto uliweza kubeba maneno ya sala ya taifa bila kuvunjika.

Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, iliundwa tume ya wanamuziki watano chini ya Graham Hyslop, Mwingereza aliyekuwa afisa wa muziki wa serikali, pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Uamuzi wa kutafuta lahani miongoni mwa nyimbo za wenyeji ulikuwa na uzito mkubwa, maana njia nyepesi ilikuwa wazi: Tanganyika ilikuwa imeuchukua utenzi wa Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, uliotungwa mwaka 1897, na Uganda ilikuwa imepata mwaka 1962 wimbo mpya uliotungwa na George Kakoma. Kenya ilichagua sauti iliyokuwa tayari vinywani mwa wanawake wa kijijini. Mzee Meza Galana, Mpokomo, ndiye anayetajwa kuwa chanzo cha lahani hiyo, na bembelezi yenyewe hujulikana kwa jina la "Bee Mdondo Bee".

Kazi ya tume ilikuwa utunzi hasa, wala haikuwa kunakili tu, na wanaosema kwamba wimbo wa taifa ni bembelezi iliyobadilishwa maneno wanawapunja wote wawili, mama na tume. Lahani iliyokuwa ya sauti moja ilipewa upatanifu, yaani sauti nyingine zinazosikika chini na juu ya ile kuu. Mwendo uliofuata pumzi ya mama ulifungwa katika vipimo vinavyolingana. Na wimbo uliokuwa ukiishia popote mtoto anapolala ulipewa mwisho mmoja. Maneno yaliandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, beti tatu kwa kila lugha, yakiwa ni dua, mwito wa utumishi na mwito wa kujenga nchi. Kilichobaki cha Mto Tana ni mkunjo wa lahani na ile hali yake ya unyenyekevu, ambayo huufanya wimbo huu usifanane na nyimbo za taifa zilizotungwa kwa hatua za askari.

Tangu usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Kenya ilipopandishwa Nairobi, historia ya marudio inaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Bendi za majeshi na polisi ziliupiga wimbo wa taifa kwa tarumbeta na ngoma, redio ya taifa ikafungua na kufunga matangazo kwa wimbo huo, na kumbi za sinema zikaupiga huku watazamaji wamesimama. Mwaka 1968 lahani iliyotoka Mto Tana ilisikika katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, Naftali Temu alipoipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza katika mbio za mita 10,000, na Kipchoge Keino akaifanya isikike tena kwa ushindi wake wa mita 1,500. Hapo palikuwa na marudio ya marudio, kwa kuwa wapigaji wa ugenini husoma nota za mpangilio wa Nairobi, na mpangilio huo ulitokana na wimbo ambao wapigaji hao hawajawahi kuusikia.

Athari ya marudio hayo imerudi hadi mtoni. Mtoto anayesoma Garsen leo huujua wimbo wa taifa kikamilifu, na huenda akaisikia bembelezi ya bibi yake kama wimbo wa taifa ulioimbwa bila ukamilifu. Katika muziki wa kibiashara marudio hupimwa kwa wimbo wa kwanza. Hapa wimbo wa kwanza umeanza kupimwa kwa marudio yake. Hiyo ndiyo hasara inayostahili kushughulikiwa haraka na watunza urithi kuliko nyingine yoyote, maana mpangilio wa mwaka 1963 umehifadhiwa na dola nzima, ilhali uimbaji wa akina mama hutegemea nyumba, na nyumba za kingo za Tana zimehamishwa mara kwa mara na mafuriko, yakiwemo yale ya 1961, 1997–98, 2018 na 2023–24.

Sheria nayo imelishughulikia jambo hili kwa upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Katiba ya 2010 inautaja wimbo wa taifa katika ibara ya 9 kuwa alama ya nchi na kuyaweka maneno yake katika jedwali la pili. Ibara ya 11 ya Katiba hiyohiyo inalitaka Bunge litunge sheria za kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya utamaduni, ambayo inazipa serikali za kaunti wajibu wa kuyaandikisha. Hata hivyo, umiliki huwa mwepesi kudaiwa na mwenye rekodi. Mwaka 2021 kampuni moja ya kigeni ilidai mtandaoni haki juu ya rekodi ya wimbo wa taifa, hadi Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ilipojitokeza kuyakanusha madai hayo. Asiyekuwa na rekodi hana hata nafasi ya kudai.

Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, yaonyesha upande wa pili wa suala la kuhifadhi urithi. Ilichukuliwa na maafisa wa Uingereza mwaka 1902, na tangu 1908 imo katika hifadhi ya British Museum mjini London, ambako kitu kimetunzwa bila sauti yake. Bembelezi imepata kinyume chake: sauti imeenea, na mahali ilipotoka pamesahauliwa.

Kwa hiyo kuihifadhi bembelezi hii hakuwezi kuwa kutafuta toleo moja sahihi na kuliandika kwa nota, kwani toleo hilo halipo. Kinachohitajika ni kurekodi uimbaji mwingi, wa wanawake wa juu ya mto na wa chini, wazee na vijana, wa Hola, Ngao, Golbanti na Garsen, kila mmoja kwa lahaja yake na kwa mwendo wake, pamoja na maelezo ya nani alimfundisha na wakati gani huimbwa. Wakati wa kurekodi, mwimbaji asisaidiwe kwa kupigiwa wimbo wa taifa kwanza, kwa sababu sikio hufuata lilichokisikia punde. Nakala zibaki katika kaunti ya Tana River, chini ya majina ya waimbaji wanaoridhia kutajwa, kabla ya kupelekwa kwingine kokote.