Kabla ya Netflix Kulikuwa na Jamaa wa Muvi

Kabla Netflix haijafika Kenya Januari 2016, mitaa mingi ilikuwa na jamaa wa muvi. Kiduka chake kilikuwa na kompyuta moja, spika mbili za kuita wateja, na diski za nje zimepangwa mezani kama mikate. Unampa flashi, unamwambia "nijazie," naye anakuuliza kama unataka za Kikorea, za Kinaijeria ama zile zilizosimuliwa na DJ Afro. Tuseme ukweli, hakimiliki hakuwa na habari nayo. Lakini alikuwa pia maktaba. Alijua nini kiko wapi, alihifadhi vitu ambavyo hakuna kampuni ingevijali, na hakukatiza muvi katikati eti kadi yako imekataa.

Kile kisanduku ambacho sasa vijana wengine wanaweka karibu na ruta ya Wi-Fi, kinachoitwa NAS, ni jamaa wa muvi aliyehamia nyumbani. Ndani yake ni diski mbili, nne au zaidi na kakompyuta kadogo. TV, simu na laputopu zote zinachota humo, hata intaneti ikiwa imelala.

Asili yake si sebuleni. Ni ofisini. Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilibuni NFS, mfumo uliowezesha kompyuta moja kufungua faili zilizo kwenye nyingine kana kwamba ni zake. Miaka minne baadaye, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha hoja iliyowaudhi wauzaji wa diski kubwa za bei ghali: unganisha diski nyingi ndogo, weka humo taarifa za ziada, na moja ikifa hupotezi kitu. Wakauita mpango huo RAID. Herufi ya I hapo ilimaanisha bei nafuu. Baadaye watu wa biashara wakasema inamaanisha "zinazojitegemea". Nani anataka kutangaza bidhaa yake kwa neno nafuu?

Wataiwani ndio waliokileta kitu hiki karibu na mtu wa kawaida: Synology ilianzishwa mwaka 2000, QNAP 2004. Upande wa programu, mambo yalianzia kwenye michezo. Vijana waliochokonoa Xbox ya kwanza waliigeuza kuwa mashine ya kuchezea video, na kazi yao ikaitwa XBMC, ambayo leo ni Kodi. Plex ikachomoka humo mwaka 2008. Wenye Emby nao walipofunga msimbo wao Desemba 2018, wengine wakabeba nakala iliyokuwa wazi, wakaiita Jellyfin. Ni kama historia ya bendi za hapa kwetu: kila baada ya miaka michache kuna wanaotoka na magitaa yao.

Sisi tulikuwa na sababu zetu za kuweka vitu. Hadi mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa, intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali na ya kobe. Ukipata kitu, unakishika. Kisha faiba ikaingia kwenye ploti, na tukaacha kushika. Tukaanza kukodi.

Kukodi kuna raha yake, lakini mwenye nyumba ana ufunguo. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za *1984* cha George Orwell kwenye Kindle za watu waliokuwa wamezilipia, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki. Pesa walirudishiwa, ndiyo. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba muziki uliopakiwa huko kwa zaidi ya miaka kumi umepotea wakati wa kuhamisha seva. Juni 2021 Google Photos ikaondoa hifadhi ya bure isiyo na kikomo, na watu wakaanza kuhesabu picha za watoto wao kwa gigabaiti.

Na kuna vitu ambavyo havijawahi kuwa kwenye jukwaa lolote. Kanda ya VHS ya harusi ya mamako. Kaseti yenye sauti ya babu akitoa salamu kwa walio mbali. Ukanda wa sumaku unazeeka, na unyevu wa Pwani unauletea ukungu. Kwangu mimi, hizi ndizo zinazohalalisha bei ya kisanduku.

Ukinunua, chukua chenye nafasi ya diski mbili angalau. Diski mbili za terabaiti nne zikiakisiana zinakupa terabaiti nne, si nane, na hiyo siyo hasara. Uliza prosesa: TV yako isipoelewa aina ya faili, kisanduku kinalazimika kuibadilisha papo hapo, na prosesa dhaifu itakwamakwama. Nyingi za Intel zina sehemu maalum ya kazi hiyo tangu 2011. Kiunganishe na ruta kwa waya. Nunua na UPS. Hakuna aliyesahau ile Ijumaa ya 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima.

Tena usikiache wazi kwa intaneti. Juni 2021 wenye My Book Live za Western Digital, ambazo kampuni ilikuwa imeacha kuzihudumia tangu 2015, waliamka wakakuta zimefutwa na watu wasiowajua. RAID haisaidii hapo, wala moto ukizuka, wala mwizi akiingia: diski zote zinaenda pamoja. Nakala nyingine ikae kwa dada yako, mtaa mwingine.

Kanda za harusi zitahitaji kwanza deki inayofanya kazi, na mafundi wa deki wanazidi kuadimika. Anza na hizo. Muvi za DJ Afro zinaweza kungoja.