Daphne Caruana Galizia

Daphne Caruana Galizia (Sliema, 26 Agosti 1964 – Bidnija, 16 Oktoba 2017) alikuwa mwandishi wa habari za uchunguzi wa Malta, aliyefichua ufisadi wa vigogo wa nchi hiyo. Aliuawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake, huku akikabiliwa na kesi zaidi ya 40 za kashfa. Mwaka 2021 tume ya uchunguzi wa mauaji hayo ilieleza kwamba dola ilibeba lawama kwa kulea hali ya wakosaji kutoadhibiwa. Ndugu wawili waliopatikana na hatia ya kumuua walifungwa miaka 40 kila mmoja mwaka 2022. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria dhidi ya kesi za kuwanyamazisha wanahabari, maarufu kama Sheria ya Daphne.